Maswali yenu: Hela ya korosho imesoma, ninunue kishikwambi?

Kila msimu minada ya korosho ikishaanza kulipa, hela zikisoma kwenye akaunti za watu Tandahimba, Newala, Masasi na huku Mtwara mjini, barua za safu hii zinakuwa za kishikwambi tu, yani tableti. Mwezi huu nimeweka sita. Ya kwanza nimeijibu kirefu maana ndani yake yamo maswali ya watu wengine kibao, zilizobaki nimepita nazo fasta.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ipo Chikongola hapa Mtwara mjini. Wateja wangu wanachagua mishono kwenye simu yangu, yani wanavuta picha, wanakuza, wanapunguza, mwisho wanaingia mpaka kwenye meseji zangu za watu. Baba watoto kauza korosho mnada wa pili kanipa laki nne na nusu anasema nunua kishikwambi, wateja waone mishono vizuri na watoto jioni wasomee, wapo wawili, mmoja darasa la tano mwingine kidato cha kwanza. Dada yangu aliyeko Dar anasema nisijidanganye, bora niongezee ninunue simu kubwa ya maana au laptopu ya mtumba, tableti eti ni kidude cha kuangalizia katuni. Na kweli jirani yangu wa duka la pili anacho, kinakaa kabatini hata chaji hakina. Nishauri kabla hela haijapata matumizi mengine.
— Fundi cherehani, Chikongola

JIBU: Nzuri fundi mwenzangu. Dada yako ana hoja na naanza na yake. Apple walipotoa iPad ya kwanza mwaka 2010 ilikuwa na kioo cha inchi 9.7, na iPhone ya mwaka uleule ilikuwa na inchi 3.5 tu, kwahiyo mtu akishika ile iPad anaona kweli kapata kitu kingine kabisa. Leo simu ya kawaida dukani hapa Mtwara ina inchi sita na nusu mpaka sita na pointi saba, ile nafasi iliyokuwepo kati ya simu na laptopu imebanwa, na ndo maana vishikwambi vingi vinaishia kabatini kama cha jirani yako. Mtu kanunua hana kazi ya kukipa. Mwanzoni nyumba nzima inakigombania, baadae kila mtu anakumbuka simu ipo mfukoni na inafanya yaleyale, kinaisha chaji na hakuna anayejisumbua kukichaji.

Ila wewe kazi unayo tena ya kila siku, na ni kazi ambayo kishikwambi kinaiweza kuliko simu na kuliko laptopu: kumuonesha mtu picha mkiwa mmesimama. Laptopu ya mtumba ya hiyo hela utaiweka wapi, juu ya meza ya kukatia? Ujazie vipande vya vitenge na chaki juu ya kibodi? Betri zake pia nyingi zimeshachoka, ukichomoa waya inazima, umeme ukikatika ndo mwisho wa kuonesha mishono. Hiyo ya laptopu tuiweke pembeni.

Simu kubwa sasa. Simu ya inchi 6.7 kioo chake kina eneo la kama sentimita za mraba 108. Kishikwambi cha inchi 10 kina karibu 290, yani inakaribia mara tatu. Cha inchi 8 kina kama 185, hakifiki hata mara mbili ya simu, kwahiyo ukinunua cha inchi 8 umenunua simu nene isiyoingia mfukoni, mi sikushauri kabisa. Wateja wako wanaangalia shingo ilivyokatwa, mkono umewekwa marinda wapi, kitenge na lesi vimeungana vipi, na hivyo vitu kwenye simu mpaka akuze, akikuza anaona shingo haoni gauni. Kwa inchi 10 anaona gauni zima na nakshi zake kwa mpigo. Chukua 10 au 11.

Hilo la kuingia kwenye meseji zako lina dawa. Android ina kitu cha kubandika programu, nenda setingi upande wa usalama utakiona, unafungua picha zako unaibandika ile programu na unaweka na pini, mteja atelezeshe mpaka achoke hatoki pale. Alafu usiwape albamu yenye picha zote toka umeanza kazi. Mteja kaja kapaka losheni mkononi, kioo kinateleza, anapita mishono arobaini hajaiangalia hata mmoja na mwisho anakuambia "fanya tu kama ule wa kwanza" na ule wa kwanza hamuukumbuki wote wawili. Tengeneza mafolda, vitenge peke yake, harusi na sendoff peke yake, sare za vikundi peke yake, watoto peke yake, kila folda picha ishirini zinatosha. Na ile mishono uliyoshona wewe mwenyewe weka mbele, ya kuokota mtandaoni iwe nyuma, maana mteja akichagua gauni la mtandaoni lililovaliwa na binti mwenye kiuno cha nyigu utaulizwa wewe kwanini lake halijakaa vile.

WhatsApp unaweza kuiweka kule kwa namba yako ileile, ingia kwenye simu sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaskani tu basi, mteja akikutumia picha ya mshono inaingia kote kote. Kumbuka tu simu ndo mama, isipotumika siku 14 kile kishikwambi kinatolewa.

Upande wa hasara nisikufiche. Ya kwanza na kubwa ni kioo. Simu ikivunjika kioo hapa mjini unabadilishiwa siku hiyohiyo kwasababu mafundi tunaweka stoo vioo vya simu zinazouzika, ila vya tableti hakuna anayeweka maana tableti za aina moja hapa mjini hazifiki za kujaza dawati, kwahiyo kinaagizwa Kariakoo, kinakuja na basi, ukijumlisha na ufundi unaweza kukuta umelipa nusu ya bei ya chombo chenyewe. Na wewe una mikasi, pasi, na watoto wawili. Kwahiyo kwenye ile laki nne na nusu toa kabisa hela ya kava gumu linalosimama na protekta, usiseme utanunua mwezi ujao, mwezi ujao ndo kinapoanguka.

Ya pili chaji. Betri ya kishikwambi cha inchi 10 huwa kwenye mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 7,000 mpaka 8,000, na chaja inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni ndogo, wati 10 hivi, kwahiyo kutoka sifuri mpaka kujaa ni kama saa nne. Pawabenki ya 10,000 iliyojaza simu yako mara moja na kidogo, hiki huenda isikijaze hata mara moja. Kichaji usiku, asubuhi kitoke kimejaa, na usikiache dirishani juani, joto linaua betri haraka kuliko kitu kingine chochote, na kwa jua la huku pwani hilo si la kuambiwa. Chumvi ya bahari nayo inakula tundu la chaji, kikianza kuchagua waya kilete kisafishwe mapema usisubiri kikatae kabisa.

Ya tatu ni bando. Kioo kikubwa kinataka video safi. Video ya 1080p ina nukta kama mara tano ya ile ya 480p, kwahiyo watoto wakiachiwa YouTube ijichagulie yenyewe, bando ulilozoea litaisha hujaelewa limeendaje. Shusha ubora kwenye setingi za YouTube uwaachie 480p, hawatokufa.

Alafu hii ya nne watu hawaifikirii, kazi na watoto kwenye chombo kimoja. Jioni watoto wanacheza gemu, asubuhi unafika ofisini kina asilimia sita na kioo kina uji. Tableti nyingi za Android zinakubali watumiaji zaidi ya mmoja, tengeneza wa kwako na wa watoto, wa watoto ufunge na Family Link ya Google, unapanga saa ngapi kijifunge na programu zipi wasishushe. Kusomea kweli wanaweza. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yao, vitabu vya kiada vya msingi na sekondari vimo bure, huyo wa kidato cha kwanza anaweza kuvisoma na kwa inchi 10 vinasomeka bila kukunja uso. Ila watasoma kama wewe umekaa pembeni unapiga bitana, ukiwaachia wenyewe kitabu kinafunguliwa ukurasa wa kwanza na gemu lipo nyuma yake.

Kuhusu hela. Usitafute cha laini, chukua cha Wi-Fi tu, utawasha hotspoti kwenye simu yako, hapo unaokoa hela ambayo inakupandisha kwenye kampuni inayojulikana. Usishuke chini ya RAM (ya kufanyia kazi) 4GB na memori (ya kutunzia vitu) 64GB. Utakutana na boksi zimeandikwa RAM 16GB, memori 512GB, 5G, na wanakupa na kibodi, mausi, kalamu na hedifoni juu, kwa bei ambayo kampuni kubwa hawakupi hata nusu ya hayo. Hapo kimbia. Programu yake imechezewa ionyeshe namba kubwa, ukiingia kwenye setingi unaona 16 kweli, ila ukiweka programu ya kukagua chombo, CPU-Z, kutoka Play Store mara nyingi ukweli unaanza kutoka, na ukikijaza muvi zinakata njiani, hazifunguki. Kama hela haifiki kwa kitu kipya cha inchi 10 cha kampuni ya maana subiri mnada wa tatu, baba watoto yupo.

Na ukiamua kuagiza Kariakoo usitume hela kwa namba ya kwenye matangazo. Huyohuyo dada yako anayepinga mtume aende mtaa wa Aggrey dukani, kifunguliwe mbele yake, aunganishe hotspoti, apige picha, aone kioo hakina alama, risiti na waranti mkononi, ndo kifungwe kiletwe kwa basi. Akienda mwenyewe atapunguza na kupinga.

SWALI: Bro mambo. Nipo mwaka wa kwanza chuo hapa Mtwara nasomea ualimu. Boom la mkopo likitoka nataka nichukue tableti yenye kibodi yake nifanyie asaimenti na kusomea PDF za malekcha, washkaji wanasema laptopu ila tableti ni nyepesi na inakaa na chaji siku nzima. Unasemaje?
— Mwanachuo, Shangani

JIBU: Poa mdogo wangu. PDF za malekcha zako ni A4, upana sentimita 21. Kwenye simu yako huo ukurasa unabanwa ukae kwenye sentimita saba, theluthi moja, herufi ya saizi 12 inakuwa kama ya saizi 4, ndo maana kila mstari unausukuma kulia kushoto mpaka usingizi unakuja. Kwenye tableti ya inchi 10 unapata kama sentimita 13 na nusu, herufi inakuwa ya saizi 8 hivi, unasoma ukurasa mzima bila kuugusa. Kwa kusoma hakuna ubishi tableti inashinda, na kwenye chaji na uzito pia upo sahihi.

Tatizo wewe hausomi tu, unaandika. Hizo kibodi za bluetooth za kwenye boksi zinaandika vizuri mpaka ukianza kuweka jedwali, jedwali la asaimenti kwenye tableti ni mateso, na ukipeleka steshenari kuprinti linatoka limehama ukurasa. Word yenyewe Microsoft wameiachia bure kuhariri kwenye vioo vya inchi 10.1 kushuka chini, ikizidi hapo wanataka ulipie, kwahiyo ukijibana ukachukua ya inchi 11 ili upate nafasi unakutana na bili, hapo uhamie Google Docs. Ukija kufika mwaka wa tatu kwenye risechi ukatakiwa SPSS, programu ya takwimu, haipo ya Android na ya iPad pia hakuna.

Mi nasema laptopu ya mtumba kwanza, hata kama ni nzito, ila kabla hujatoa hela chomoa chaja uone inakaa dakika ngapi, kaa nayo pale dukani hata nusu saa, muuzaji akikukimbiza ujue kwanini. Tableti utaikuta mbele ya safari ukiwa kazini.

SWALI: Kaka fundi shikamoo. Nipo Nachingwea, ni wakala wa miamala na pia natembea nawapimia watu mashamba ya ufuta na mbaazi kwa GPS ya simu, napata ekari zao nawaandikia. Nataka ninunue tableti moja ya laini niuze simu zote mbili. Sensa makarani walizunguka nchi nzima na vishikwambi sioni kwanini mimi nishindwe. Niambie ipi nzuri.
— Wakala, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Simu usiuze hata moja, kwanza tuongee.

Ile sensa ya 23 Agosti 2022 kishikwambi kilikuwa na kazi moja, dodoso limo ndani, karani anajaza kaya kwa kaya anatuma, hakuna mtu aliyekuwa anakitumia kutoa hela. Baadae vikaenda kwa walimu, na huko pia ni vya kufundishia. Wewe unataka kiwe simu, na hapo ndo unapokwama. iPad hata ile ya laini haipigi simu ya kawaida na haipigi USSD, zile namba za miamala zinazoanza na nyota. Za Android kuna zinazopiga na kuna ambazo laini yake ni ya intaneti tu, boksi zote zimeandikwa LTE hujui ipi ni ipi. Kwahiyo ukiwa dukani weka laini yako piga namba ya miamala, mfano *150*00# ya M-Pesa, menyu ije mbele ya macho yako, isipokuja usiambiwe "itakuja ukisajili", haitakuja. Na hata ikija, wakala ukiwa na foleni ya watu watatu unahitaji laini za mitandao tofauti mkononi, na tableti nyingi zina tundu moja la laini.

Yenye laini lazima uikague na IMEI, namba ya utambulisho wa chombo. Piga *#06# ichukue ile namba itume kwenda 15090, utajibiwa ni chombo gani, jibu lisipofanana na ulichoshika rudisha. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, kuna watu waliamka wameshika vioo tu.

Kwenye mashamba ndo kuna mtego mwingine. Tableti za Wi-Fi peke yake nyingine hazina GPS yenyewe, iPad za Wi-Fi hazina kabisa, zinakisia ulipo kwa Wi-Fi za jirani, na katikati ya shamba la ufuta Wi-Fi ya jirani ni ya nani? Ya laini itakuwa nayo. Ila jua la saa sita kioo cha tableti ya bei ya chini hakionekani, utakuwa unapima shamba umejifunika shati kichwani. Simu yako ni ndogo ila inang'aa zaidi na inaingia mfukoni ukivuka mto.

Kinachokufaa ni simu zibaki, na kama hela ipo kweli chukua tableti ya bei ya kawaida ikae ofisini, ramani ulizopima unazihamishia kule, mkulima anaoneshwa mpaka wake kwa kioo kikubwa mbele ya jirani yake, mnamaliza ugomvi palepale. Hiyo inaweza hata kukuongezea wateja.

SWALI: Kuna jamaa hapa Lindi mjini ananiuzia iPad laki mbili tu, nzuri haina hata mkwaruzo, anasema ni ya shemeji yake aliyerudi nje ila pasiwadi ya akaunti kasahau, fundi ataitoa. Nyuma kuna sehemu inaonekana kulikuwa na stika imekwanguliwa. Nichukue?
— Msomaji, Lindi

JIBU: Usichukue. iPad ikiwa imefungwa na akaunti ya mwenyewe, ukiiflashi inarudi palepale inaomba akaunti ileile, na anayeweza kuifungua ni mwenye akaunti au Apple wenyewe ukiwa na risiti halali ya kununulia. Android nazo toka toleo la 5.1 zina kufuli la namna hiyo la akaunti ya Google. Shemeji kama yupo kweli apigiwe simu, hata kama kasahau pasiwadi anaweza kuirudisha kwa namba yake au barua pepe kwa dakika chache, atoe akaunti mbele yako uione iPad inaanza upya inakukaribisha kama mpya, hapo mnaongea bei.

Na hiyo stika ndo imenimaliza kabisa. Stika inayokwanguliwa kwenye kishikwambi mara nyingi ni ya mali ya ofisi, shule au serikali, na vyombo vya namna hiyo vinaweza kuwa vimefungwa vinasimamiwa kwa mbali, leo kinafanya kazi kesho mwenye nacho anakizima akiwa amekaa ofisini kwake. Kabla hakijazimwa unaweza kuitwa kituoni uelezee umekipataje, na yule jamaa hutamuona.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa miaka 71 nipo Kilwa Kivinje. Macho yamepungua, simu aliyoniletea kijana wangu ni nzuri lakini maandishi nayaona kama chungu wanatembea. Nataka nisome magazeti, nisome Kur'ani yenye herufi kubwa, na niwaone wajukuu walioko Dar wakinipigia. Wananiambia mzee tableti ya nini. Je ni kweli haina faida kwangu?
— Babu, Kilwa Kivinje

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hao wanaokuambia hivyo ni vijana wenye macho mazuri, achana nao. Katika barua zote za mwezi huu wewe ndiye ninayekuambia nunua bila kuvuta pumzi.

Sababu ni kwamba kwenye simu ukikuza maandishi mstari unabaki na maneno matatu, unageuza kurasa mpaka mkono unachoka, kwenye kioo cha inchi 10 unakuza na mstari bado unabaki mstari. Mwambie kijana wako aingie setingi, upande wa onyesho, asukume saizi ya herufi na saizi ya vitu vyote vya kwenye kioo mpaka useme basi, akae na wewe usome mbele yake asikisie. Msahafu ushushwe kabisa ukae ndani usitegemee mtandao, siku intaneti ikisumbua, kama ile Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika nchi nzima ikabaki inazungusha kiduara, wewe unasoma zako.

Kina uzito wa kama nusu kilo, ukikishika mkononi umelala kitakuangukia usoni, kwahiyo kava la kusimama ni lazima, kiweke mezani. Wajukuu wakuunganishie WhatsApp kule kwa kutumia simu yako, video utawaona wakubwa na sauti inatoka vizuri kidogo kuliko ya simu. Kama watakununulia iPad nayo sawa, WhatsApp yake rasmi ilitoka Mei 2025, zamani ilikuwa taabu. Hapa mi sichagui kampuni, chagua ileile anayotumia yule mjukuu unayempigia kila ukikwama, maana ataweza kukuelekeza kwa simu bila kukiona.

Na mzee wangu, kikiingia ndani usikiache sebuleni wajukuu wakija likizo. Na meseji yoyote inayosema umeshinda kitu au tuma kwenye namba hii, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa na nzuri, iache ilivyo mpaka umuulize kijana wako.

SWALI: Fundi mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane, hali chakula mpaka awekewe katuni kwenye simu yangu. Nimeona tableti za watoto zina mfuniko wa mpira hazivunjiki, nimnunulie yake nipumzishe simu?
— Mama mtoto, Masasi

JIBU: Hapana dada. Shirika la Afya Duniani, WHO, walitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto ambaye hajafika miaka miwili kukaa kuangalia kioo hawapendekezi kabisa, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Ukimnunulia yake hujapumzisha simu, umempa katuni ya kudumu, na siku betri imeisha hatakula tena. Zile za mpira nyingine ni Amazon Fire, hazina Play Store, hata wewe ukija kutaka kuitumia utahangaika kupata vitu ulivyozoea. Punguza kidogo kidogo, mkalishe mnapokula wote, siku mbili tatu za mwanzo atalia na chakula kitamwagika. Hiyo hela nunua kuku wa kienyeji wa mayai, akianza darasa la kwanza uniandikie tena.